Majina Tuliyoyasoma Hewani Kutoka Panda

Vijana wa minara na antena, mliniomba nije niwaeleze jinsi kazi yenu ilivyokuwa kabla yenu. Magoti yangu hayanikubalii tena kusimama mbele za watu, basi nimeandika. Someni mkiwa mmekaa, na simu mziweke chini kidogo.

Divine mnamjua. Ndiye yule anayepanda juu ya mabati ya mtaa wetu wa Panda na mkanda kiunoni kufunga vyombo vya intaneti isiyo na waya. Ni mjukuu wa dada yangu, ananiita kambo, kama watoto wa kwetu wanavyomwita bibi yeyote. Mwezi uliopita tulikuwa tunakula, akaniambia kwamba siku zinakuja ambapo intaneti ya kasi itashuka moja kwa moja kutoka angani mpaka mtaa wa Kamatanda. Akasema daftari zote za mji wetu wa Likasi, za ubatizo, za hospitali, za viwanja, zitakaa ndani ya kompyuta nyingi zilizotawanyika duniani. Hii ikifa, ile inaendelea.

"Kambo, hakuna kintu itapotea tena!"

Alisema kwa furaha. Mimi chakula kilinishinda. Msidhani simwamini. Ninamwamini kabisa, na ndicho kinachoniogopesha. Sisi tuliwahi kujaribu kitu cha namna hiyo, na redio moja, betri ya gari na daftari za shule.

Niliingia kazini nikiwa msichana, katika ofisi ya mawasiliano ya kampuni kubwa ya shaba, hapa hapa Panda. Nilijua kupiga taipu, basi. Aliyenifundisha redio ni Papa Ntumba, mtu mfupi, mwenye tai hata siku za joto, ambaye akisikiliza alifumba macho kama anayesali. Redio yenyewe tuliiita foni. Ulibonyeza kitufe ukaongea, ukaachia ukasikiliza, na sauti yako ilifika Kamina au Kananga, miji ya mbali, bila waya wowote njiani.

Siku ya kwanza alinituma nikate waya wa antena, mikono miwili iliyolingana. Nilipima kwa kunyoosha mikono yangu, kama mama yangu alivyopima kitenge. Papa Ntumba alichukua futi yake, akapima upya, akanitazama.

"Odile, wimbi haijue mukono yako. Inajua metre."

Nilikata upya mara tatu. Alinifundisha kwamba sauti inapanda, inagonga anga, inarudi chini mbali, na kwamba anga ya asubuhi si anga ya saa sita mchana, kwa hiyo masafa lazima ubadilishe. Mvua ikinguruma upande wa Kambove, chomoa antena kwanza, maswali baadaye. Na kabla ya kuongea, kagua waya kwa macho yako. Hilo nililidharau, mpaka asubuhi moja nilipobonyeza kitufe nikasikia mtu anapiga yowe uani. Jirani yetu alikuwa ameanika mashuka mabichi juu ya antena, na mkono wake ulikuwa bado umeshika waya. "Waya yenu inauma!" alinifokea dirishani. Alikuwa na haki. Na siku hiyo hakuna aliyenisikia, kwa sababu antena iliyobeba mashuka haiongei na mtu.

Mashuka yalikuwa kosa la kuchekesha. Jingine halikuwa la kuchekesha, ingawa watu walilicheka baadaye. Ilikuwa msimu wa mvua, hewa imejaa mikwaruzo. Kamina walikuwa wanatuma habari ya kijana mmoja aliyekwenda huko kutafuta kazi. Wao walisema "anafika". Mimi nikasikia "anafwa", amekufa. Nikaandika, nikatia sahihi, nikapeleka mwenyewe nyumbani kwao. Walilia siku tatu. Siku ya tatu kijana akashuka kwenye lori, akaingia uani akikuta viti vimepangwa na wanawake wamefunga vitambaa, akauliza nani amefariki. Wanawake walikimbia. Baba yake alimpiga kofi kwanza, halafu akamkumbatia, halafu akaniuliza mimi ni mtu wa namna gani.

Papa Ntumba hakunigombeza. Aliweka sheria. Kuanzia siku ile, kila ujumbe, yule aliyeupokea alitakiwa kuurudia wote kwa aliyeutuma, neno kwa neno, na majina herufi kwa herufi. Wenzetu wa Kamina na Mwene-Ditu walinung'unika kwamba tunapoteza muda. Baada ya mwezi wote wakaifuata.

Halafu ikaja miaka ya tisini. Kampuni ilianza kufa, mitambo ikasimama mmoja mmoja. Nyaya za simu zilichimbuliwa ardhini na kuuzwa, mpaka simu za mji wetu, mji unaochimba shaba, zikakosa shaba ya kupitishia sauti. Ofisi yetu ilifungwa. Padri wa parokia aliomba ile foni, tukaihamishia katika chumba kidogo nyuma ya kanisa. Papa Ntumba alitengeneza, mimi niliongea. Hatukuwa na mshahara wa kusema, lakini kila asubuhi kulikuwa na mstari wa watu mlangoni wenye habari za kutuma.

Na mwaka mmoja katika hiyo, watu wenye asili ya mkoa wa Kasai wakaambiwa waondoke Katanga, mkoa wetu. Mmesikia wazee wakiongea kwa sauti ya chini, na mnapoingia wananyamaza. Walikuwa wanaongea hayo. Majirani walitolewa nyumbani mwao. Wengine nyumba zilichomwa. Stesheni ilijaa magodoro, vyerehani, masufuria, watoto wenye kuhara, watu wamelala juu ya saruji wakingoja treni iliyokuja ilipotaka. Walingoja wiki, wengine miezi.

Papa Ntumba alikuwa mmoja wao, na mke wake, Mama Biuma. Wazazi wake waliletwa migodini tangu zamani. Yeye mwenyewe Kasai hakuwahi kuiona.

"Bananiambia nirudie kwetu," aliniambia, amekaa juu ya sanduku lake la vifaa pale stesheni, tai bado shingoni. "Minye nilizaliwa Panda. Nirudie wapi, Odile?"

Mimi ni mtu wa upande huu, watu wangu ndio waliokuwa wanabaki. Niliona aibu kumtazama, nikatazama viatu vyake.

Yeye ndiye aliyeanzisha habari ya majina. Treni zilikuwa zinabeba watu mpaka juu ya mabehewa. Familia zilitengana, wagonjwa walishushwa njiani, na hakuna aliyeandika nani ni nani. Akasema: kila treni ikiondoka, tuandike waliopanda. Asubuhi yake tuyasome majina hewani. Waendeshaji wote wa redio njiani, Kamina, Luputa, Mwene-Ditu, Kananga, waandike kila mmoja daftari yake nzima. Treni ikifika, waandike nani ameshuka.

"Juu ya nini wote waandike yote?" nilimwuliza sababu. "Kamina waandike ya Kamina."

"Juu daftari moja inaweza kuungua," akasema. "Daftari tano, hapana."

Ndipo nikaanza kusoma. Saa mbili kila asubuhi, anga ikiwa nzuri, nilisoma majina herufi kwa herufi, na mwanamke mmoja wa Kamina, ambaye uso wake sijauona mpaka leo, aliyarudia bila kuchoka. Siku ya pili au ya tatu nilianza kupata habari za kuwapa watu: mama yako ameshuka Luputa, mtoto wako yuko Mwene-Ditu, wamemwona kwa macho. Nilidhani tunafanya kitu chema tu. Tulikuwa tunakifanya, lakini nilifanya pia ujinga mkubwa kuliko ule wa anafwa.

Kulikuwa na watu waliokataa kupanda treni. Walijificha katika nyumba za rafiki zao hapa mjini, na walitaka ndugu zao waliotangulia wajue kwamba wako hai. Walinitumia habari. Mimi, ili nisisahau, niliandika kurasa za nyuma za daftari ile ile: fulani yuko kwa fulani, barabara hii, mlango ule. Sikuyasoma hewani. Lakini niliyaandika. Papa Ntumba alipoziona kurasa zile aliifunga daftari haraka.

"Toa hii. Leo. Mwenye kuchukua hiki kitabu atapata bantu yote bila kutafuta."

Nikasema ndiyo, nitanakili ya mbele kwanza, kurasa zisije zikafunguka zote, kesho nitatoa. Nilisema kesho.

Sasa niwaambie kuhusu kaka yangu, Sylvestre. Alikuwa fundi wa mashine, mwenye mikono mizuri, na kazi ilipokwisha aliingia katika kundi la vijana waliokuwa wanapita nyumba kwa nyumba kufukuza watu. Wakati huo huo alikuwa anaishi na Thérèse, aliyezaa naye binti, Nadège. Thérèse naye asili yake ni Kasai. Msiniulize kichwa cha mtu kinawezaje kubeba mambo hayo mawili. Alisema yeye atamlinda Thérèse, hakuna atakayemgusa akiwa naye. Nadhani aliamini.

Asubuhi iliyofuata, nikiwa bado sijatoa kurasa, niliwaona kupitia dirisha, watu kumi hivi wanavuka uwanja wa kanisa, Sylvestre mbele. Jikoni kwa Padri mbabula, jiko letu la makaa, ilikuwa inawaka, maharage juu. Nilipita mlango wa nyuma, nikaondoa sufuria kwa mikono mitupu, nikaisukuma daftari yote ndani ya makaa. Jalada lilikuwa gumu, halikutaka kushika moto. Niliipepea kwa kanga yangu, huku nawasikia wakimwuliza Padri mlangoni. Ziliungua kurasa za nyuma, na za mbele pia, majina yote niliyoyasoma wiki zile. Sikuwa na nafasi ya kuchagua.

Sylvestre aliingia jikoni.

"Dada, leta kile kitabu."

"Kitabu gani?"

"Usinichezee. Kitabu ya majina. Tunajua bantu bamoja bamejificha mu manyumba."

"Nilisha kuichoma."

Alitazama mbabula, akatazama viganja vyangu vilivyobabuka. Kwa muda alikuwa kaka yangu tu, nikafikiri atauliza kama naumia. Halafu mmoja wa wenzake akaita kutoka chumbani, na yeye akageuka. Walibeba redio. Sylvestre mwenyewe aliibeba, begani.

Siku tatu baadaye treni ya Papa Ntumba ilikuja. Nilikwenda stesheni na mikono imefungwa vitambaa. Mama Biuma alikuwa na homa, wakampandisha kwa kumshika kwapani. Papa Ntumba alinyoosha kichwa dirishani, akanipigia kelele juu ya makelele ya watu: "Kambove! Kwa masista! Kuko foni!" Treni ikaondoka, na hapakuwa na mtu wa kusoma jina lake hewani.

Kambove si mbali. Leo Divine anakwenda na kurudi kabla ya chakula. Wakati ule njiani kulikuwa na vizuizi, na mimi nilikuwa dada wa Sylvestre kwa wengine na msaliti kwa wengine. Nilikaa wiki tano bila kusikia sauti yoyote. Hofu ya wiki zile sijui kuieleza kwa ninyi ambao mtandao ukikatika saa moja mnapiga kelele. Nilijiuliza kama wenzangu waliandika kweli. Kama na wao walivamiwa. Kama nilichoma watu badala ya karatasi.

Wiki ya sita nilichukua baiskeli ya Padri nikaenda. Masista walinipa kiti, nikakagua antena yao kwa macho, nikabonyeza, nikaita Kamina. Mikwaruzo. Nikabadilisha masafa. Mikwaruzo. Mara ya nne yule mwanamke akajibu, sauti ile ile, kama tuliachana jana.

"Likasi, tulifikiri unafwa. Uko na kalamu?"

Alianza kusoma. Alikuwa nayo yote, herufi kwa herufi. Mahali kurasa zake zililowa mvua, Mwene-Ditu walikuwa nazo. Luputa walikuwa wameandika majina ya waliozikwa njiani, ambayo wengine hawakuwa nayo. Asubuhi tisa nilipanda baiskeli kwenda Kambove, na kwa asubuhi tisa daftari yangu iliyoungua ilirudi, kipande kutoka huku, kipande kutoka kule.

Asubuhi ya tano, Mwene-Ditu walisema kuna mtu anataka kuongea. Akavuta pumzi kwanza, nikamjua kwa pumzi.

"Odile, andika. Ntumba, anashuka Mwene-Ditu, muzima. Biuma, bibi yake, tulimuzika ku njia, pembeni ya reli. Rudilia."

Niliandika Biuma, nikafuta, nikaandika tena.

"Rudilia, Odile. Njo kazi." Ndiyo kazi yetu, alimaanisha.

Nikarudia. Herufi kwa herufi, jina la mke wake, na neno tulimzika. Akasema nimesikia sawa. Alifanya kazi ya foni Mwene-Ditu mpaka uzee, na tuliongea mara nyingi baada ya hapo, lakini mambo ya asubuhi ile hatukuyagusa tena.

Kulikuwa na pengo moja ambalo hakuna kituo kilichoweza kuliziba, zile wiki Likasi ilipokuwa kimya. Treni zilipita, na wenzangu waliandika waliowaona wakishuka, lakini hapakuwa na orodha ya waliopanda ya kulinganisha nayo. Aliyepotea kati ya hapa na kule katika wiki zile alipotea pande zote.

Mwezi mmoja hivi baadaye Sylvestre alikuja parokiani, redio begani, bila maikrofoni. Aliiweka mezani taratibu. Alikuwa amekonda.

"Thérèse alienda," akasema. "Na mutoto. Nilikuwa ku mukutano, nilirudia, nyumba haina muntu. Angalia mu kitabu."

Nilimwuliza lini. Akaniambia. Nilikuwa najua kabla sijafungua. Nilifungua hata hivyo, nikapita ukurasa kwa ukurasa mbele yake, kidole juu ya kila jina, kwa sababu sikujua namna nyingine ya kumwambia.

"Zile siku hatukuandika, Sylvestre."

"Juu ya nini?"

Nilifunga daftari. Alitazama redio pale mezani. Akakaa kwenye benchi mpaka Padri alipokuja kufunga. Baada ya hapo alikuja kila Alhamisi, miaka minne, kuuliza kama kuna habari. Nilimtafutia Kananga, Kamina, Mbuji-Mayi. Hapakuwa na habari.

Basi ninyi mnaojenga mtandao wa kesho, mnaposema hakuna kitakachopotea, mimi nasikia mambo mawili. Nasikia yule mwanamke wa Kamina akisoma, na nashukuru kwamba kuna daftari zaidi ya moja duniani. Lakini naona pia zile kurasa za nyuma. Kompyuta zenu zilizotawanyika hazitanusa moshi zikajua leo ni siku ya kuchoma. Mnajua ni nani anayezisoma? Mnajua mkono wa nani uko juu ya kitufe cha kuzima, na atakizima siku gani? Mimi nilikuwa nawajua watu wangu kwa pumzi, na bado nilikosea. Msiandike kila kitu kwa sababu tu nafasi ipo. Na mkiambiwa toeni leo, msiseme kesho.

Sylvestre yuko hai, anakaa kwangu. Wiki mbili zilizopita Divine alikuja na simu yake, akamwuliza bila kunishirikisha: "Papa, niandike jina ya mutoto wako humu?" Akaandika. Ilichukua muda mfupi kuliko kumenya yai. Akatokea mwanamke mmoja wa Kananga, jina lote la Nadège, umri unalingana, na uso, jamani, uso wa mama yetu.

"Funga," Sylvestre akasema. "Funga hiyo kintu."

Alitoka nje. Nilimfuata. Nilimkuta ameegemea ukuta. Akaniuliza: na kama mama yake alimwambia mambo yale? Kama Thérèse yuko hai, na anajua nani alibeba redio? Miaka yote alikuwa anaomba Nadège apatikane, na sasa amepatikana, kaka yangu alikuwa anaogopa kuliko nilivyoogopa mimi mbele ya mbabula.

Juzi, baada ya misa, alimwita Divine mwenyewe. Alisema maneno, Divine akaandika jinsi yalivyo, bila kuyapamba: "Nadège, minye Sylvestre, baba yako. Niko muzima, niko Likasi. Njo minye nilibeba redio ya Odile. Mama yako eko muzima?"

Divine akaniangalia, mimi nikaangalia kaka yangu. Akaitikia kwa kichwa, na Divine akatuma. Simu inaonyesha kwamba ujumbe umefika na umesomwa. Jibu bado. Sylvestre amekaa mlangoni na simu ya Divine mapajani, haiachi hata wakati wa kula, na kila ikitetemeka ananiita nije nimsomee.